Ni chikungunya, ni ajali au ni majonzi? Kinachowasha fibromialjia na kinachoichochea

Swali

Nina miaka 43, naishi Kisauni, Mombasa, na riziki yangu ni mahamri na mbaazi za asubuhi. Mwanzoni mwa 2018 nilipata chikungunya, ile homa ya virusi inayoletwa na mbu. Homa ilikwisha wiki moja lakini viungo viliniuma miezi mingi. Mwaka juzi nikafiwa na mama, na tangu hapo ni mwili mzima: mabega, kiuno, mapaja, hata ngozi nikiguswa. Naamka nimechoka kuliko nilivyolala, na hesabu za wateja zinanipotea. Nimetibiwa taifodi mara tatu, brusela mara mbili, na kuna aliyeniambia ni asidi ya yuriki. Sasa daktari wa viungo anasema ni fibromialjia. Nini kimeniletea? Ni ile chikungunya, ni ajali ya matatu ya 2015 niliyoumia shingo, au ni majonzi? Dada yangu naye ana kipandauso na maumivu kama yangu. Na kwa nini leo naweza kuwa mzima, kesho siwezi hata kushika mwiko?

Jibu

Pole sana, dada, kwa msiba wa mama na kwa kuzungushwa na vipimo miaka yote hiyo. Jibu fupi ni kwamba vyote vitatu ulivyovitaja vinaweza kuwa vimechangia, na hakuna hata kimoja kinachotosha peke yake. Msimu ule wengi waliugua chikungunya Mombasa, wengi hupata ajali za matatu, na kila mtu hufiwa. Wengi wao hawakupata fibromialjia. Kwa hiyo nitaligawa swali lako. Kuna kilichouandaa mwili wako kabla ya yote hayo, kuna kilichowasha maumivu, na kuna kinachoyachochea leo. Wagonjwa wengi huhangaika miaka na hicho cha pili, ilhali nafuu yao imelala kwenye cha tatu.

Kwanza tuelewane juu ya ugonjwa wenyewe. Kwenye fibromialjia misuli haijachanika, mifupa haijalika, na viungo havijavimba. Ndiyo maana eksirei hutoka safi. Kilichobadilika ni namna neva, uti wa mgongo na ubongo vinavyopokea habari za mwili na kuzipima uzito. Chukua mfano wa mlinzi wa nyumba iliyowahi kuvunjwa. Mwizi alishaondoka zamani, lakini mlinzi sasa anapiga firimbi hata paka akipita ukutani. Firimbi ni ya kweli na waliolala wanaamka kweli, ila aliyepita ni paka.

Hili limepimwa. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2002, watu walibanwa ukucha wa kidole gumba huku ubongo wao ukipigwa picha kwa mashine ya MRI. Wagonjwa wa fibromialjia waliumia kwa mbano wa kilo 2.4 hivi kwa sentimita mraba, na watu wenye afya walihitaji kilo 4.2 hivi ili waumie kiasi hicho hicho. Picha za ubongo zilikubaliana na maneno yao. Kwenye maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, kemikali iitwayo dutu P, ambayo hubeba habari za maumivu, imekutwa ikiwa mara mbili hadi tatu ya kawaida. Na mwili una breki yake ya asili, amri inayoshuka kutoka ubongoni kwa njia ya kemikali za serotonini na noradrenalini kuzima sehemu ya maumivu kabla hayajafika juu. Kwa wagonjwa wa fibromialjia breki hiyo inateleza. Ndiyo sababu kuguswa tu ngozi kunauma, na wengi husumbuliwa pia na kelele, mwanga mkali au harufu ya mafuta ya kukaangia. Tangu 2017 Chama cha Kimataifa cha Utafiti wa Maumivu kinayahesabu maumivu ya namna hii kuwa kundi la tatu, mbali na maumivu ya jeraha na maumivu ya neva iliyoharibika. Mtu akikuambia ni mawazo tu, hajasoma.

Sasa, kilichouandaa mwili. Habari ya dada yako ndiyo dokezo kubwa katika barua yako, ingawa umeitaja kwa kupita. Utafiti mmoja wa Marekani wa 2004 uliwalinganisha ndugu wa damu wa wagonjwa wa fibromialjia na ndugu wa wagonjwa wa baridi yabisi. Wale wa kwanza walikuwa na uwezekano wa kuwa na fibromialjia mara nane na zaidi. Tafiti za mapacha zinauweka mchango wa kurithi kwenye nusu hivi, na nusu iliyobaki ni maisha. Hakuna jeni moja ya kulaumiwa. Ni nyingi ndogo ndogo, kwa hiyo hakuna kipimo cha damu kitakachokuambia kama binti yako atapata. Na kinachorithiwa si fibromialjia hasa bali wepesi wa mlinzi kupiga firimbi. Kwa ndugu mmoja utatokea kama kipandauso, kwa mwingine tumbo la kusokota lisiloonyesha kidonda, kwa mwingine taya au kibofu kinachouma bila maambukizi. Muulize dada yako kama na yeye huamka amechoka.

Wanawake hutambuliwa na ugonjwa huu zaidi ya wanaume. Sehemu ya tofauti hiyo ni mwili, na sehemu ni kwamba wanaume huenda hospitali wakisema mgongo tu. Utoto wenye mateso, wa kipigo, njaa au kudhulumiwa, nao huongeza uwezekano, kwa sababu mfumo wa kukabili hatari hujengeka mapema. Haina maana kwamba kila mgonjwa alidhulumiwa, na hulazimiki kumweleza mtu lolote kuhusu hilo ili utibiwe.

Tuje kwenye chikungunya, maana kwa kisa chako ndiyo yenye uzito kuliko ajali. Jina lenyewe ni la huku kwetu. Limetoka kwenye Kimakonde, neno la kujikunja, kwa sababu mlipuko wa kwanza kuelezwa ulikuwa nyanda za Wamakonde, upande wa Newala, 1952 na 1953, na wagonjwa walitembea wamepinda. Lamu na Mombasa zilipigwa 2004, ugonjwa ukavuka bahari hadi Komoro na Réunion, kisha ukarudi Mombasa mwishoni mwa 2017 na kuingia 2018, msimu uliokupata wewe. Homa yake hukatika ndani ya siku saba hadi kumi. Viungo ni hadithi nyingine: sehemu kubwa ya wagonjwa huendelea kuumwa baada ya miezi mitatu, na wanaoathirika zaidi ni wanawake, waliokwisha kuvuka miaka 40, na walioumwa sana siku za mwanzo.

Baada ya chikungunya njia zinaachana, na hapa ndipo kosa hufanyika. Wengine hubaki na ugonjwa wa viungo wa kweli: vidole, viganja na vifundo vinavimba, asubuhi vinakakamaa zaidi ya saa nzima, na hali hiyo hufanana na baridi yabisi na hutibiwa kwa dawa zake. Wengine uvimbe unaisha kabisa lakini maumivu yanatapakaa, yanahamia kwenye misuli na ngozi, na usingizi unaharibika. Hiyo ndiyo njia ya fibromialjia. Kisha wapo walio na vyote viwili kwa pamoja, jambo ambalo si nadra. Hata kwenye baridi yabisi ya kawaida, mgonjwa mmoja hivi kati ya watano ana fibromialjia juu yake. Miezi ya maumivu ya viungo iliufundisha mfumo wako wa neva kukaa macho, na somo likabaki baada ya virusi kuondoka. Magonjwa mengine yanayoweza kuwasha moto huo ni UVIKO-19, homa ya ini C na virusi vya Epstein-Barr. Upasuaji mkubwa nao hutajwa.

Ajali ya shingo ina historia yake kwenye utafiti. Mwaka 1997 watafiti wa Israeli walichapisha kwamba walioumia shingo walipata fibromialjia kwa asilimia 21.6, na waliovunjika miguu asilimia 1.7 tu. Takwimu hizo zilizunguka dunia, hasa kwenye kesi za bima. Kisha 2006 utafiti mwingine wa huko huko ukawafuatilia walioumia shingo kwa zaidi ya mwaka na kukuta karibu hakuna aliyeupata. Kwa upande wako, miaka miwili na zaidi ilipita kati ya ajali na chikungunya, na maumivu ya kutapakaa yalikuja baadaye zaidi. Kinachowasha kwa kawaida hufuatiwa na maumivu ndani ya wiki au miezi. Ningeiweka ajali pembeni, isipokuwa kama shingo ilikuwa ikikuuma mfululizo tangu siku ile, kwani sehemu moja inayouma kwa muda mrefu nayo humlisha mlinzi habari mbaya.

Majonzi hayatengenezi ugonjwa huu kutoka hewani. Lakini angalia yanayokuja na msiba: wiki za kulala vipande vipande, kula kwa shida, kupika kwa ajili ya watu wa matanga, mwili kukaa umekakamaa kama unaosubiri kupigwa, na mazoea ya kutembea kukatika. Kila kimoja kati ya hivyo hulegeza ile breki. Kwa mtu aliyekwisha kuandaliwa na kurithi na kuchokozwa na chikungunya, hicho kinatosha kulipeleka tatizo la viungo vichache hadi mwili mzima. Nikisoma tarehe zako, ndivyo ninavyoona mfuatano: damu ya ukoo, kisha chikungunya, kisha msiba na usingizi uliopotea.

Utasikia pia habari mpya. Mwaka 2021 watafiti wa Uingereza na Sweden walichukua kingamwili kutoka kwenye damu ya wagonjwa wakawapa panya, na panya wakawa wepesi wa kuumia kwa wiki kadhaa mpaka kingamwili hizo zilipoisha. Tafiti nyingine zimekuta nyuzi ndogo za neva ngozini zimepungua kwa karibu nusu ya wagonjwa. Ni mambo mazito na yanaweza kubadilisha matibabu baadaye. Kwa leo hakuna kipimo wala dawa iliyotoka humo, kwa hiyo usiuziwe "kipimo cha fibromialjia" cha damu.

Kuhusu taifodi, brusela na asidi ya yuriki. Kipimo cha taifodi kiitwacho Widal husoma kingamwili, na katika nchi ambako taifodi ipo, kingamwili hizo hubaki kwenye damu za watu wengi wenye afya. Kipimo cha haraka cha brusela kinachotumika kwenye zahanati nyingi za Kenya nacho kimeonekana kutoa majibu ya uongo kwa wingi. Brusela ya kweli huja na homa ya kupanda na kushuka, jasho la usiku, na mara nyingi historia ya maziwa mabichi au kuzalisha mifugo. Inahitaji kuthibitishwa kwa kipimo cha pili. Asidi ya yuriki iliyozidi kidogo kwenye karatasi haielezi mwili mzima kuuma. Ugonjwa wake hushambulia kiungo kimoja kwa ghafla, mara nyingi kidole gumba cha mguu, kikawa chekundu na kuvimba kiasi cha kutovumilia shuka.

Kuna vipimo ambavyo ningependa viwe vimefanywa, kwa sababu kuna magonjwa yanayoiga fibromialjia na mengine huichochea. Cha kwanza ni TSH kwa ajili ya tezi ya thairoidi, maana tezi iliyolegea huleta maumivu, uchovu, baridi na kusahau, na dawa yake ni rahisi. Kisha hesabu kamili ya chembe za damu, ferritini (akiba ya madini ya chuma), ESR na CRP zinazoonyesha uvimbe mwilini, sukari, kalsiamu, na VVU na homa ya ini C kama hujapima karibuni. Vitamini D ni muhimu kwa anayejifunika mwili wote au anayeshinda ndani. Inasikitisha kuona mtu wa pwani yenye jua la mwaka mzima akiwa na upungufu, lakini hutokea, na huko Ghuba umeandikwa sana miongoni mwa wanawake. Upungufu mkubwa hulainisha mifupa, na kupanda ngazi kunakuwa tabu. Kama unatumia statini za kushusha mafuta, mwambie daktari. Vipimo vya ANA (kingamwili zinazoushambulia mwili wenyewe) na vya kingamwili za baridi yabisi visifanywe kwa kubahatisha bila uvimbe au dalili nyingine, kwa kuwa watu wengi wenye afya huwa nazo na utaongezewa ugonjwa usio nao.

Daktari wako kwa kweli hakuhitaji kipimo chochote kulitaja jina. Vigezo vya 2016 vinahesabu maeneo yanayouma kati ya 19 ya mwili, kisha vinatoa alama hadi 12 kwa uchovu, kuamka bila kuburudika, usahaulifu, maumivu ya kichwa, tumbo na huzuni. Maeneo 7 na alama 5, au maeneo 4 hadi 6 na alama 9, maumivu yakiwa yametapakaa na kudumu miezi mitatu, vinatosha. Zile sehemu 18 za kubonyezwa kwa kidole ni za vigezo vya 1990. Anayezitumia leo hajakosea sana, ila si lazima tena.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo mimi ningeliweka la kwanza: kwa nini leo mzima, kesho huwezi kushika mwiko.

Usingizi ndio kichocheo kikubwa kuliko vyote. Katikati ya miaka ya 1970, mtafiti Harvey Moldofsky wa Toronto aliwalaza watu wenye afya na kuwavurugia usingizi mzito kwa kelele, bila kuwaamsha kabisa, usiku baada ya usiku. Asubuhi misuli iliwauma na mwili ukawa unauma ukibonyezwa. Walipoachwa walale, waliondokewa na maumivu. Wewe unapika mahamri ya asubuhi, kwa hiyo nakisia unaamka saa tisa usiku. Ukilala saa tano, unapata saa nne. Hakuna kidonge kitakachoshinda hesabu hiyo.

Lipo jambo la kufanya bila kufunga biashara. Kanda unga jioni, utumie nusu ya hamira unayotumia kawaida, uweke kwenye friji ukiwa umefunikwa. Usijaribu kuuacha mezani usiku kucha kwa joto la Mombasa, utachacha na mahamri yatanyonya mafuta. Asubuhi uutoe, uache upoteze ubaridi nusu saa, usukume na kukaanga. Mbaazi ziloweke na uzichemshe jioni, zibaki kutiwa tui tu. Hapo unaweza kuamka saa kumi na nusu. Kulala kuwe saa tatu na nusu kila siku, hata siku ambayo huuzi, maana kulala hadi saa nne ya asubuhi Jumapili huvuruga Jumatatu. Kahawa chungu na chai ya rangi ziishe saa nane mchana. Ramadhani usingizi hukatwa na daku, kwa hiyo panga kipande cha pili cha usingizi baada ya alfajiri au adhuhuri badala ya kushangaa kwamba mwezi mtukufu unakuumiza.

Muulize anayelala karibu nawe kama unakoroma na kukatika pumzi. Miguu ikikuhangaisha usiku mpaka uitingishe, ndipo ferritini inapokuwa na kazi: kwa tatizo hilo madaktari hupendekeza madini ya chuma kiwango kikiwa 75 au chini yake, ingawa karatasi itaandika "kawaida". Na kwa umri wako, joto la ghafla linalokutoa jasho usiku linaweza kuwa mwanzo wa kukoma hedhi. Litibiwe kwa jina lake.

Kichocheo cha pili ni kulipiza siku nzuri. Umeamka mwepesi, ukakubali oda ya harusi, ukakanda kilo kumi badala ya nne, ukafua, ukakuna nazi sita. Adhabu haiji siku ile. Huja baada ya saa 24 hadi 48, na hapo ndipo watu hukosea hesabu: maumivu ya Jumatano hulaumiwa dagaa wa Jumanne usiku, kumbe ni harusi ya Jumatatu. Ukitaka kumkamata mchochezi, tazama nyuma siku mbili.

Tafuta kiasi cha kazi unachokiweza siku nzuri na siku mbaya vile vile, ukibaki hapo wiki mbili kabla ya kuongeza. Fanya kwa vipande vya dakika 20 au 25, kisha dakika tano za kunyoosha mgongo, na mapumziko yaje kabla ya maumivu. Kusukuma mahamri ukiwa umechuchumaa kwenye kibao huua mabega. Meza ifike usawa wa kiwiko ukiwa umesimama, au pungufu yake kidogo. Mbuzi ya nazi ipe likizo, nazi iende kwenye blenda. Mtungi wa lita 20 ubebwe na kijana, wewe chukua miwili ya lita tano, mmoja kila mkono.

Wakati huo huo, kukaa kabisa ni kichocheo pia, maana misuli isiyotumika huumia kwa kazi ndogo. Mazoezi ndiyo tiba yenye ushahidi wa nguvu zaidi kwa ugonjwa huu. Anza na kutembea dakika kumi mara tatu kwa wiki, mwendo wa kuweza kuongea lakini si kuimba, uongeze dakika moja au mbili kila wiki hadi ufikie 30. Kuuma kidogo siku ya pili ni kawaida. Kukizidi siku mbili, rudi kiwango cha wiki iliyopita, usiache. Wanaoshindwa karibu wote walianza na nusu saa.

Mengine kwa haraka. Mafua au maambukizi yoyote hupandisha maumivu kwa wiki moja au mbili. Siku chache kabla ya hedhi nazo ni mbaya kwa wengi. Ugomvi, deni na hofu huchochea kwa njia ile ile ya breki. Baridi na unyevu wengi huulalamikia, hasa kusi ikianza kuvuma, ila vipimo vya hali ya hewa havijakubaliana nao kwa uthabiti. Vaa kitu mabegani alfajiri na usihamie mji kwa ajili hiyo. Chakula hakuna kilichothibitika kuwa kichochezi cha wote. Ukiacha nyama, ngano, nyanya na maziwa kwa mpigo, utaongeza upungufu wa damu juu ya maumivu.

Shika daftari wiki nne. Kila jioni andika maumivu kwa alama 0 hadi 10, saa ulizolala, uliamkaje, kilo za unga, jambo lililokukera, siku ya hedhi. Mistari miwili inatosha, ukiandika ukurasa utaacha siku ya tano. Mwishoni zungushia duara siku mbaya na usome siku mbili zilizotangulia kila duara. Kisha badilisha kitu kimoja tu kwa wiki mbili. Ukibadilisha vitano hutajua kilichosaidia.

Sindano na vidonge vya diklofenaki havina kazi kubwa hapa, kwa sababu hakuna uvimbe wa kuzima, na kwa mazoea ya kila siku huumiza tumbo, figo na presha. Ukiona "dawa ya viungo" ya unga inayokuondolea maumivu ndani ya siku moja na hamu ya kula ikapanda, shuku kwamba imetiwa steroidi, dawa kali za kuzima uvimbe. Ikiwa umeitumia kwa wiki kadhaa, usiikate ghafla, nenda hospitali nayo. Kisomo na dua kama vinakutuliza na kukulaza, endelea navyo. Anayekutaka uache vipimo, huyo muepuke. Dawa ambazo daktari anaweza kuzijadili nawe ni amitriptilini kwa kiwango kidogo, miligramu 10 hadi 25, saa moja au mbili kabla ya kulala, au duloksetini, au pregabalini. Amitriptilini hukausha mdomo, hufunga choo na huacha uzito wa asubuhi, kwa hiyo usiianze usiku wa kuamkia oda kubwa karibu na mafuta ya moto. Mwambie kama una tatizo la moyo au shinikizo la macho, na uifungie mbali na watoto, kwani vidonge vichache vinaweza kumuua mtoto.

Rudi hospitali bila kusubiri ukiona homa isiyoisha, kupungua uzito, mkono au mguu kupoteza nguvu, mkojo kukutoka, au maumivu ya sehemu moja yanayokuamsha kila usiku. Hayo si ya fibromialjia, hata kama jina hilo limekwisha kuandikwa kwenye faili lako. Na kwa kuwa ulipata chikungunya, vitazame vidole vyako kila asubuhi kabla ya kukanda. Kimoja kikivimba au pete ikikataa kutoka, kipige picha kwa simu pale pale pamoja na saa yake, maana uvimbe wa asubuhi mara nyingi umeshashuka unapofika zamu yako ya kumwona daktari.